Dume Asipohama

Babu yangu alikuwa na desturi ambayo sisi wajukuu hatukuielewa. Kila baada ya misimu mitatu ya mvua, dume wake akiwa ndiyo kwanza amejaa nundu na shingo, alimfunga kamba, akamtoa zizini alfajiri na kuondoka naye kwa miguu. Jioni ya siku ya pili alirudi na dume mwingine, mara nyingi mdogo na mwembamba kuliko aliyekwenda. Tulinung'unika chinichini. Siku moja nikajipa moyo nikamuuliza.

“Shikamoo babu. Mbona umempeleka yule mwekundu, naye alikuwa mzuri vile?”

“Marahaba mjukuu wangu. Mitamba inayokuja ni binti zake. Ulitaka akae amsubiri nani?”

Hakuongeza neno. Alikwenda kuosha miguu, nasi tukabaki tukimtazama mgeni akinusa nguzo za zizi.

Babu alipofariki, ng'ombe walibaki kwa wanawe, na dume aliyekuwepo siku ya msiba akabaki pia. Hakuna aliyekuwa na muda wa kutembea siku mbili. Miaka kama 10 ikapita hivyo. Mitamba ikaanza kuchelewa kushika mimba, ndama wakazaliwa wadogo. Namkumbuka mmoja aliyezaliwa usiku wa manane. Tulimkausha kwa gunia, tukamkamua mama yake dang'a, tukamnyonyesha ndama kwa kidole kilichochovywa. Alinyonya mara mbili tatu, akaacha. Miguu ya mbele ilikataa kabisa kunyooka. Jua lilipofika juu ya mbuyu alikuwa amekwisha kufa. Tulilaumu ukame, tukalaumu kupe, kuna aliyelaumu jicho la jirani. Dume alikuwa palepale, anacheua, na hakuna aliyemtazama.

Ndama mmoja kufa si ushahidi wa jambo lolote. Ndama hufa kwa sababu nyingi. Lakini tangu hapo nimeifuatilia historia ya ng'ombe wetu wa asili kwa jicho la babu, na kila nilipochimba nimekuta mambo yale yale mawili. Damu ilipohama, ng'ombe walistahimili. Ilipofungiwa mahali pamoja, walidhoofika, hata pale ambapo waliofunga mlango walikuwa wataalamu wenye nia njema.

Tuanze mbali kidogo. Ng'ombe tunayemwita wa asili, yule mdogo mwenye nundu na pembe fupi, ndiye anayefanya zaidi ya asilimia 90 ya ng'ombe wote wa Tanzania. Vitabuni ni zebu mmoja tu. Mazizini ana sura nyingi: weupe wa Singida, wekundu wa Iringa, wa Kimaasai, wa Kigogo, wa Kisukuma, wa Mbulu, wa Tarime, wa Kichaga, wa Kipare. Kila jamii imemchagua kwa macho yake kwa karne nyingi, na kila nchi imemchuja kwa jua lake na kupe wake.

Sasa huyu “wa asili” ni mtoto wa safari ya bahari. Kuna sehemu ya vinasaba ambayo mnyama huirithi kwa mama peke yake. Wanasayansi walipoichunguza kwa ng'ombe wa Afrika wenye nundu, walikuta si ya zebu wa Asia hata kidogo. Ni ya ng'ombe wasio na nundu, wale wa zamani wa bara hili. Nundu na sehemu kubwa ya damu iliyobaki imetoka Asia. Maana yake ni nyepesi: madume walivuka bahari, majike waliwakuta hapa. Bibi ni Mwafrika, babu ni mgeni aliyekuja na pepo za msimu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliosoma jenomu za ng'ombe 172 wa asili wa Afrika, ulikadiria kuwa mchanganyiko huo wa zebu na ng'ombe wa kale ulitokea kati ya miaka 750 na 1,050 iliyopita. Hizo ni zama ambazo Kilwa na miji mingine ya pwani yetu ilikuwa ikipokea vyombo kutoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Tumezoea kusimulia shanga, vitambaa na vyungu vilivyoshuka kwenye fukwe zile. Historia ya ng'ombe inatukumbusha kwamba damu nayo ilikuwa ikihama katika karne hizo hizo, kupitia pwani na Pembe ya Afrika.

Mchanganyiko ule ulizaa mnyama ambaye kila mzazi peke yake asingeweza kuwa. Kwa zebu alipata uwezo wa kuvumilia joto, kutembea mbali na kunywa maji machache. Kwa ng'ombe wa kale wa Afrika alibakiza kinga zilizokwisha kuzoea maradhi ya huku. Ng'ombe wadogo wa magharibi mwa Kenya walipopimwa walionekana wana takriban asilimia 84 ya damu ya zebu na asilimia 16 ya ng'ombe wa kale. Asilimia hizo 16 si masazo. Mbung'o na kupe ndio walioamua kitu gani kibaki.

Kisha ikaja sotoka.

Ugonjwa huu uliingia Eritrea mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kulisha jeshi la Italia. Kufikia mwaka 1890 na 1891 ulikuwa umeshafika kwetu, na kabla karne haijaisha ulikuwa umevuka Zambezi na kufika Rasi ya Tumaini Jema. Mahali ulipopita uliua ng'ombe 9 kati ya 10, na nyati na nyumbu pamoja nao. Wamaasai wanazikumbuka zama hizo kwa jina la Emutai, maangamizi. Ng'ombe walikwisha, wakafuata watu, kwa njaa na kwa ndui. Mvumbuzi Oscar Baumann, aliyepita nchi ya Wamaasai mwaka 1892, aliandika habari za watu waliobaki mifupa mitupu. Tunaposoma kwamba Wahehe waliwashinda Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, tusisahau kwamba vita vya kuitwaa nchi hii vilipiganwa katika miaka ambayo mazizi yake yalikuwa yakiteketea. Sotoka iliwafungulia njia wakoloni kuliko mizinga yao mingi.

Kwa upande wa damu, huo ulikuwa mlango mwembamba kupita yote. Kundi la ng'ombe 100 likibaki na 10, tofauti nyingi zilizokuwa ndani yake hufa pamoja na wenyewe. Wale 10 wakizaana wao kwa wao kwa miaka 20, watoto wao wote ni ndugu. Basi kwa nini ng'ombe wetu hawakudhoofika moja kwa moja baada ya sotoka?

Jibu liko kwenye desturi zetu, na naliona kuwa jambo la kujivunia. Waliobakiwa na ng'ombe hawakukaa na wale 10 wao. Aliyekuwa na mtama alinunua mtamba kwa jirani. Mwenye mbuzi wengi aliwabadilisha kwa ndama. Mahari yalihamisha ng'ombe kutoka bonde hili kwenda lile. Wengine waliteka, na tuseme ukweli, vita vya kuibiana ng'ombe navyo vilihamisha damu. Zaidi ya yote ulikuwepo utaratibu wa kuweka ng'ombe kwa marafiki: mtu mwenye 40 hakuwalaza wote zizini kwake, aliwagawa kwa watu watano au sita walio mbali, ili ugonjwa au ukame ukipiga upande mmoja asibaki mikono mitupu. Wamaasai waliopeana ng'ombe waliacha kuitana kwa majina yao, wakaitana kwa ile zawadi: aliyepeana ng'ombe na mwenzake ni pakiteng wake mpaka kufa. Undugu wa watu ulijengwa kwa ng'ombe, na papo hapo undugu wa ng'ombe ukavunjwa. Hakuna mzee aliyehitaji kusikia habari za vinasaba ili afanye hivyo. Alijua tu kwamba ng'ombe waliofungwa pamoja hufa pamoja.

Sotoka yenyewe ilishindwa kwa chanjo. Ile iliyotengenezwa na Walter Plowright na wenzake kule Muguga, Kenya, ndiyo iliyosafisha bara zima, na mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba ugonjwa umetokomezwa, wa pili katika historia baada ya ndui ya binadamu. Lakini kabla ya ushindi huo, serikali za kikoloni zilikuwa zimeanza kazi nyingine: kumtengeneza ng'ombe upya.

Hapa ndipo inapoingia Mpwapwa. Mji huu ulio chini ya milima, uliokuwa kituo cha misafara ya kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji, ulipata maabara ya mifugo mwaka 1905, wakati wa Wajerumani. Waingereza waliirithi na kuikuza. Kwanza walijaribu njia iliyoonekana fupi, kuleta madume wa Ulaya kama Ayrshire na kuwapandisha kwa majike wa zebu. Watoto walitoa maziwa mengi kwa muda, halafu jua la Ugogo, kupe na nyasi za kiangazi zikawaonyesha walipo. Ng'ombe wa Scotland hakuzaliwa kutembea kilomita 10 kwenda lamboni mwezi wa Oktoba.

Watafiti wakageukia Asia, kama walivyofanya mabaharia karne nyingi nyuma. Walileta Red Sindhi kutoka Sindh na Sahiwal kutoka Punjab, ng'ombe wa nundu waliokwisha kuchaguliwa kwa maziwa katika nchi za joto. Wakawachanganya na zebu wa Tanganyika, na Boran, na ile damu kidogo ya Ulaya iliyokuwa imebaki. Kazi ilichukua miaka mingi ya kupima maziwa asubuhi na jioni, kupima uzito, kuchagua na kuhasi. Mwaka 1958 ng'ombe wa Mpwapwa akatangazwa kuwa kosaafu inayojitegemea, yaani aina kamili ya ng'ombe. Zaidi ya nusu ya damu yake ni ya Sindhi na Sahiwal, karibu moja ya tano ni ya zebu wa hapa, na inayobaki ni ya Boran na Ulaya.

Ukimwona utamjua. Ni mkubwa kuliko zebu wa kawaida, rangi yake mara nyingi nyekundu au kahawia, ngozi ya koo inaning'inia mpaka kifuani, masikio yamelala. Anatoa maziwa kumzidi zebu na anahimili kiangazi kumzidi mgeni. Kwa mfugaji wa Dodoma au Singida anayetaka lita chache zaidi bila kununua chakula cha madukani, sijui ng'ombe mwingine aliyetengenezwa kwa ajili yake hasa. Ni moja ya kazi kubwa za sayansi zilizofanyika katika ardhi ya Tanzania, na inaniuma kwamba wanafunzi wetu wengi humaliza shule hawajawahi kusikia habari zake.

Hata hivyo kila kosaafu inayotengenezwa huanza na wanyama wachache. Hayo ni maumbile ya kazi yenyewe: unachagua walio bora, unawaacha wengine, na walio bora siku zote ni wachache. Baada ya hapo mlango unafungwa ili damu isipotee. Hatari inaanzia hapo, na kwa ng'ombe wa Mpwapwa imekuwa ya pande mbili. Madume waligawiwa vijijini, wakapanda majike wa zebu, na vitukuu wakayeyuka ndani ya makundi ya kawaida bila mtu kuandika chochote. Ng'ombe halisi wakabaki wachache, wengi wao katika vituo vya serikali, Mpwapwa kwenyewe na Kongwa. Kundi dogo lililofungiwa halina pa kutafuta mchumba ila ndani ya ukoo. Vijijini damu ikapotea kwa kuchanganyika ovyo. Kituoni ikazidi kukaribiana.

Kenya walipita njia ya jirani. Kati ya mwaka 1939 na 1963 waliingiza Sahiwal kutoka bara Hindi, madume kama 60 na majike 12 tu, na kundi la taifa likawekwa Naivasha. Majike 12. Wakiwa na uangalifu, walijenga idadi kwa kupandisha majike wa hapa kizazi baada ya kizazi, na Sahiwal wa Naivasha wamewasaidia sana wafugaji wa nchi kame, Wamaasai wakiwa mstari wa mbele. Lakini mtu akikuambia kosaafu fulani ina maelfu ya wanyama, muulize ilianza na wangapi.

Kisa kinachonitisha kuliko vyote kimetoka Marekani, na kinatuhusu moja kwa moja, kwa sababu mbegu ya Friesian inayohimilishwa leo Kilimanjaro, Kiambu au Mbarara kwa sehemu kubwa imetoka katika ukoo wa Holstein wa huko. Mwaka 1962 alizaliwa Nebraska dume aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief. Binti zake walikuwa na maziwa ya ajabu. Uhimilishaji ulikuwa umeshaenea, na mbegu iliyogandishwa ilimwezesha dume mmoja kuwa baba katika nchi nyingi bila kuondoka zizini. Chief alipata binti wapatao 16,000, wajukuu wa kike kama 500,000, na vitukuu zaidi ya milioni 2. Takriban asilimia 14 ya jenomu ya Holstein wa Marekani ikawa ni yake. Utafiti wa mwaka 2015 ulikuta kwamba zaidi ya asilimia 99 ya madume wa Holstein wa uhimilishaji nchini humo wanatokana, kwa upande wa baba, na madume wawili tu: Chief, na mwenzake Elevation aliyezaliwa mwaka 1965.

Chief alikuwa amebeba kasoro moja iliyojificha. Ng'ombe mwenye nakala moja ya kasoro hiyo ni mzima na anatoa maziwa vizuri. Ndama anayeipata kwa baba na kwa mama hufia tumboni, mara nyingi mapema, na mfugaji haoni kitu ila jike aliyepandishwa na asizae. Hakuna maiti ya kuchunguza. Mwaka 2011 wanasayansi wa Marekani waligundua kwa hesabu kwamba kuna kipande cha kromosomu ambacho hakuna ng'ombe hata mmoja aliye hai mwenye nakala zake mbili. Wale waliokosekana ndio waliotoa ushahidi. Walipofuatilia nyuma walimkuta Chief. Ilikadiriwa kwamba kwa miaka 35 kasoro ile iliharibu mimba zipatazo 500,000 duniani, hasara ya karibu dola milioni 420. Haki itendeke kwake: maziwa yaliyoongezwa na uzao wake yalikuwa na thamani kubwa mara nyingi kuliko hasara hiyo. Tatizo si kwamba alitumika. Walimtumia mpaka wajukuu zake wakakosa mtu wa kuzaa naye ambaye si ndugu.

Wapo wanaojibu kwamba udugu hauui, na hutoa mfano wa ng'ombe weupe wa Chillingham, kaskazini mwa Uingereza, waliofungiwa katika mbuga moja kwa zaidi ya miaka 300. Baridi ya mwaka 1947 iliwaacha 13 tu, na bado wapo. Mwaka 2001 walipochunguzwa katika sehemu 25 za vinasaba, sehemu 24 zilikuwa sawasawa kwa kila mnyama. Ni kweli, wamepona. Lakini ni kundi moja lililopona, na makundi yaliyofungiwa yakaisha hayapo ili tuyahesabu. Tena wale hawakamuliwi, hawalimi, hawalipi ada ya shule ya mtu.

Sisi tunao ushahidi wa nyumbani. Kati ya mwaka 2007 na 2010 watafiti waliwafuatilia ndama 548 wa asili kule Busia na jirani zake, magharibi mwa Kenya, tangu kuzaliwa hadi kutimiza mwaka. Walipima damu, wakahesabu minyoo na kupe, wakaandika kila homa. Ndama 88 walikufa, ndigana kali ikiwa muuaji mkuu. Walipolinganisha magonjwa na vinasaba, mambo mawili yalijitokeza. Ndama ambao tofauti ndani ya vinasaba vyao ilikuwa ndogo, yaani waliozaliwa na wazazi wa karibu, waliugua zaidi. Ndama wenye damu nyingi ya Ulaya iliyoingia hivi karibuni nao waliugua zaidi. Eneo lilikuwa moja na kupe wale wale. Udugu ulikuwa na gharama yake, na kuchanganya ovyo kulikuwa na gharama yake.

Nieleze udugu unavyofanya kazi, maana ni jambo jepesi kuliko jina lake la kitaalamu. Kila ndama hupewa nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Karibu kila mnyama amebeba kasoro kadhaa zilizolala kwa sababu nakala ya pili ni nzima na inamkinga. Dume akimpanda binti yake, katika robo ya jeni zote, kwa wastani, ndama atapata nakala ile ile mara mbili, kana kwamba ameazima kwa mtu mmoja akalipa kwa mtu huyo huyo. Kasoro iliyolala inaamka. Kwa ndama wa wazazi waliochangia baba tu, kiwango ni asilimia 12.5. Mara nyingi hakizaliwi kiumbe cha ajabu. Huonekana mtamba anayekaa mwaka mzima bila mimba, kikombe cha maziwa kinachopungua, ndama anayeshindwa na homa ambayo mwenzake ameishinda.

Kuna hesabu moja ambayo kila mfugaji anaweza kuifanya chini kwa kijiti. Zidisha madume kwa majike, zidisha tena kwa 4, ugawe kwa jumla ya madume na majike. Zizi lenye majike 30 na dume mmoja linatoa 120 gawanya kwa 31, hata 4 haifiki. Yaani kwa vinasaba, wale 31 unaowaona jioni wakiingia na vumbi lao ni sawa na kundi la ng'ombe wasiofika wanne. Ongeza madume wawe watatu, hesabu inapanda hadi karibu 11. Wataalamu wa uhifadhi wa mifugo hutaka isipungue 50 kwa kosaafu nzima. Hakuna zizi moja la kawaida linaloweza kufika huko. Ndiyo maana kamba ya babu ilikuwa na maana: 50 haiwezi kupatikana zizini, inapatikana kati ya mazizi.

Zamani malisho ya pamoja yalitusaidia bila sisi kujua. Makundi ya maboma sita yalikutana lamboni, madume wakapigana, na jike akapandwa na aliyeshinda, hata kama ni wa jirani. Siku hizi mashamba yameziba njia za kwenda malishoni, makundi yamekuwa madogo, wengi wanafugia ndani ya uzio au bandani. Dume aliyebaki bandani hakutani na mpinzani. Mnadani nako kuna tatizo jingine. Nenda mnada wowote asubuhi, simama penye mzani. Dume kijana aliyenenepa haraka ndiye anayewahi kupanda lori la kwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam, kwa kuwa ndiye mwenye bei. Anayerudishwa nyumbani ni aliyedumaa, na huyo ndiye atakayekuwa baba wa ndama wa mwakani. Tunauza mbegu, tunapanda makapi.

Sisemi wafugaji warudi kwenye mambo ya mwaka 1900. Uhimilishaji, ulio na kituo Kabete, Kenya, tangu mwaka 1946 na ambao kwetu una kituo chake Usa River, ni chombo kizuri mikononi mwa anayeandika. Kila mrija wa mbegu umechapwa utambulisho wa dume. Mwombe mhimilishaji akusomee kabla hajautupa, na uandike kwenye daftari pamoja na tarehe na jina la jike. Mrija wa dume yule yule usirudi kwa binti zake. Anayetumia dume wa zizini abadilishane na jirani wa mbali kabla binti wa kwanza hajafikia kupandwa, yaani baada ya miaka miwili hadi mitatu, na dume anayepokelewa apimwe ugonjwa wa kutupa mimba kabla hajafunguliwa kamba. Wadogo wasiochaguliwa wahasiwe mapema, maana ndama dume haoni haya kumpanda dada yake.

Kwa ng'ombe wa Mpwapwa, watafiti wenyewe wamekwisha kupendekeza njia: kundi la kiini lililo wazi. Kituo kinabaki na majike bora, lakini mlango haufungwi. Majike wazuri waliozaliwa vijijini wanapimwa na kuingizwa kituoni, madume wa kituoni wanatoka kwenda vijijini, na kumbukumbu zinafuata kila mnyama. Mimi nimelisoma pendekezo hilo nikamwona babu na kamba yake, safari hii akiwa na daftari. Linahitaji fedha kidogo na uvumilivu mwingi, na vyote viwili ni nafuu kuliko kuanza upya kazi iliyokamilika mwaka 1958 baada ya miaka mingi ya kuchagua.

Naomba basi jambo moja kwa wizara na kwa halmashauri zinazosimamia utambuzi wa mifugo. Sheria ya mwaka 2010 ilitupa hereni na daftari ili tujue ng'ombe huyu ni wa nani na ametoka wapi. Daftari hilo liwe na safu ya baba na mama wa ng'ombe, na ofisa ugani afundishwe kuijaza. Na wewe msomaji ambaye zizini kwa baba yako kuna ng'ombe mwekundu mkubwa, mwenye masikio yaliyolala, ambaye wazee husema alitoka kituoni miaka ile: usimpeleke mnadani kabla hujamwita ofisa mifugo wa kata aje amwone.

Kwetu tulimuuza dume yule wa miaka 10. Aliyepo sasa ametoka kijiji cha ng'ambo ya mlima, mwendo wa siku moja na nusu, na mimi ndiye niliyemleta kwa kamba. Binti zake wa kwanza wameacha kunyonya mwezi uliopita. Mvua za mwaka ujao zikianza, ataondoka.